Oili ya Moto Nyuma ya Gereji

Gari lilikuwa zima lilipoingia gereji, na hilo halina ubishi. Lilikuja lenyewe, halikuvutwa wala kusukumwa, lije libadilishwe oili na chujio, kazi ambayo fundi anaifanya huku anasimulia mpira. Likatoka linanguruma vizuri. Halafu, kabla hata halijamaliza mtaa, ile taa ndogo ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Na haikuwaka kwa mara moja kama taa nyingine. Ilipanda polepole, kama jicho la mtu anayeamka na hataki ujue kwamba ameamka.

Mwenye gari alikuwa dada wa fundi, dada mkubwa, wa tumbo moja. Alikuwa na mtoto wa kike ambaye hajaanza kutembea, na ukoo mzima ulimwita Kizee kwa sababu alizaliwa amekunja uso, kama mtu aliyekwisha kuchoshwa na dunia. Fundi mwenyewe aliitwa Halirudi. Jina alijipa mwenyewe, tusimsingizie mtu. Kila akimkabidhi mteja ufunguo alisema, "Gari likitoka kwangu halirudi," watu wakacheka, jina likamganda. Ukitaka kujua kiburi kinafugwaje, ndiyo hivyo, kidogo kidogo, kwa maneno ya mzaha.

"Halirudi, limerudi," dada yake akamwambia kutoka dirishani, naye anacheka. "Au nimekosea gereji?"

Mafundi wengine wakacheka. Halirudi hakucheka. Alikuwa anaitazama ile taa.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo watu hupenda kumtetea, na mimi sitaki kumtetea kabla hujajua alichofanya.

Oili ya zamani hutolewa injini ikiwa bado ya moto. Ya moto hutoka yote na uchafu wake. Fundi anaikinga kwenye karai, anaiacha ipoe, kisha anaimimina kwenye pipa, na wenye kupaka mbao zisiliwe na mchwa huja kuichukua. Lakini pipa hujaa. Na nyuma ya gereji ile, chini ya ukuta, kulikuwa na shimo la siku nyingi, la zamani kuliko gereji yenyewe. Marehemu mkuu wao wa kazi, aliyemfundisha Halirudi kushika spana, alikuwa na sharti juu ya shimo lile. Usimwage humo kitu cha moto. Na kama huna budi, simama kando, sema kwa sauti ya kusikika, "Pisheni wenyewe, cha moto hiki," vuta pumzi, subiri, ndipo umwage.

"Kila shimo lina mwenyewe," alikuwa akisema. "Wewe umelala kwako na wanao, mtu anakumwagia oili ya moto dirishani bila hata hodi. Utamwitaje mtu huyo?"

Halirudi aliyashika maneno yale. Miaka yote aliyasema, hata mkuu wao alipokwisha kufa. Mafundi wote wa pale waliyasema, mpaka yakawa kama salamu. Kilichomponza ni mteja mmoja, mtu wa ofisini, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mteja yule alimkuta mara moja nyuma ya ukuta anazungumza na shimo, akacheka hadi akashika tumbo. "Fundi, una mashine ya kusoma magari kama daktari, na bado unapiga hodi kwenye mashimo?" Gereji nzima ikacheka. Halirudi naye akacheka, ila cheko lile lilimkaa rohoni kama mwiba.

Siku ya gari la dada, pipa lilikuwa limejaa. Dada ana haraka, mtoto amemlalia begani. Na yule mtu wa shati alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, anasubiri gari lake. Halirudi akabeba karai linafuka moshi, akafika shimoni, akafungua mdomo. Akatazama nyuma. Mtu wa shati alikuwa anamwangalia, na kicheko kimeshaanza kumchezea midomoni. Halirudi akafunga mdomo. Akamwaga kimyakimya.

Ndiyo hivyo tu. Aliona haya kusema neno la adabu mbele ya mtu asiyemjua hata jina.

Shimoni kukatoka kilio. Kifupi, chembamba, cha mtoto mchanga. Halirudi aligeuka mbio kumtazama Kizee, na Kizee alikuwa amelala mdomo wazi, udenda unamtoka. Kisha kikaja kilio kingine, na hiki kilikuwa cha mtu mzima, kilio cha chini sana, cha mwanamke aliyejiziba mdomo kwa mkono. Hakuna mwingine aliyegeuka. Mtu wa shati alikuwa anachezea simu yake. Halirudi akarudi na karai tupu, akakaza nati, akatia oili mpya, akashusha boneti, akampa dada yake ufunguo.

"Tayari, dada. Ukitoka hapa hurudi."

Kwa hiyo alijua. Nataka ulishike hilo, maana baadaye atasema mengi. Alijua tangu kilio cha kwanza.

Basi dada aliporudi na ile taa inawaka, Halirudi akachomeka mashine ya kusomea gari. Mashine ikasoma, ikasema gari halina kosa. Akachomoa, akachomeka tena. Halina kosa. Na taa hiyo hapo, inamtazama. Akafungua boneti, akainama, na kilichompiga puani hakikuwa oili wala petroli. Ilikuwa harufu ya nywele zinazoungua. Akashusha boneti upesi kuliko alivyoifungua.

"Umejaza mafuta wapi?" akauliza.

"Palepale ninapojaza siku zote."

"Basi ni hayo mafuta. Yamechanganywa. Na wewe nawe, dada, unajaza popote tu."

"Ee, nisamehe ndugu yangu. Kumbe nimekusumbua bure."

Akamwomba msamaha. Yule aliyekosewa akamwomba msamaha aliyemkosea, na Halirudi akaupokea, akasema, "Hamna shida, dada." Akachomoa waya wa betri, akauacha kidogo, akaurudisha. Taa ikazimika. Ni ujanja wa kila fundi, na mara nyingi hufaa.

Safari hii haukufaa. Dada alipiga simu. Akiwa peke yake garini, alisema, taa haiwaki. Akimpakia Kizee tu, inawaka. Na Kizee akiwa garini hulia, lakini halii kilio chake.

"Kilio cha mtoto wangu nakijua," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na nyumba. "Hiki amekitoa wapi?"

Halirudi akaenda. Akabandika utepe mweusi juu ya taa, wa kufungia nyaya, tabaka mbili. "Ni waya mbovu tu, dada, utakuja niutengeneze nikipata nafasi. Kwa sasa usiutazame." Walipompakia mtoto ili kujaribu, utepe ukaonyesha wekundu kwa ndani, kama kiganja kilichofunika tochi. Dada akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama saa.

Kisha mtoto akaanza kuungua.

Lilianza doa jekundu kwenye unyayo, wakati wa kuogeshwa. Dada alidhani ni maji, akayapima kwa kiwiko, maji vuguvugu. Kesho yake unyayo wa pili. Kisha malengelenge, yanapanda kuelekea kwenye vifundo vya miguu. Wakampeleka hospitali, Halirudi ndiye aliyewaendesha, na muuguzi akauinua mguu wa Kizee, akautazama, akauweka chini taratibu.

"Mama, nani kamchoma mtoto?"

"Hajachomwa na mtu."

"Mama, haya ni malengelenge ya kitu cha moto. Mimi nayaona kila siku. Nani anakaa naye?"

"Nakaa naye mimi."

Muuguzi akaandika. Akamwita mwenzake, wakanong'ona, yule mwenzake akamtazama dada kuanzia kichwani mpaka miguuni. Dada alisimama pale na uso umemshuka, mwanamke ambaye hajawahi kumpiga hata kuku wa jirani, anajieleza na kurudia kujieleza, na kila anavyojieleza ndivyo anavyoonekana mwongo. Halirudi alikuwa nyuma yake, ameshika mfuko wa nepi. Ingetosha afungue mdomo tu. Wangemwona mwendawazimu, sawa, lakini dada yake angejua kwamba hayuko peke yake. Akasoma tangazo la ukutani la kunawa mikono. Akalisoma tena toka juu.

Habari mbaya haina mguu lakini hufika. Shemeji, mume wa dada, alikuwa anafanya kazi mbali. Ilipomfikia, hakupiga kelele. Alisema kwenye simu, "Mke wangu, mtoto haungui mwenyewe," na akamtuma mama yake. Mama mkwe akaja na begi moja, akakaa sebuleni bila kuvua mtandio.

"Nimekuja kumchukua mjukuu wangu," alisema. "Kesho asubuhi naondoka naye. Apone kwanza. Wewe tutazungumza baadaye."

Dada alimfuata Halirudi gereji jioni ileile, amempakata Kizee, macho yamevimba.

"Wewe umekua mikononi mwangu," alimwambia. "Nimewahi kumchoma mtu? Niambie wewe, labda mimi ninafanya usingizini. Nimeanza kujiogopa mwenyewe."

"Hapana, dada."

"Basi ni gari. Lilikuwa zima. Taa imewaka, mtoto akaungua. Mimi si fundi, lakini kuunganisha hayo naweza. Nipeleke kwa Bi Cherehani leo. Kesho wananinyang'anya mtoto."

Bi Cherehani alikuwa fundi nguo, mshonaji wa sare za shule, na watu walimwendea kwa mambo mengine pia, mambo yasiyotibika kwa vidonge. Halirudi alitaka kusema aende mwenyewe. Aibu ya kukataa ikamzidi. Akashika usukani.

Jua lilikuwa linazama. Dada alikaa nyuma na mtoto. Walipoingia barabarani tu, utepe mweusi ukaanza kujibandua, ncha moja, kisha nyingine, ukaanguka miguuni pake, na taa ikabaki wazi, inamulika usukani na vidole vyake. Ile harufu ikaingia. Akashusha kioo, harufu ikazidi, kana kwamba ilikuwa nje inasubiri. Na chini ya boneti mngurumo wa injini ukabadilika, ukawa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, mpaka akatambua kwamba haukuwa mngurumo tena bali sauti ya mwanamke anayembembeleza mtoto kwa midomo iliyofungwa, wimbo usio na maneno, na mtoto anayebembelezwa hajibu.

"Unasikia?" dada akanong'ona.

"Ni mkanda wa feni."

"Usinidanganye, ndugu yangu. Si leo."

Akainua macho kwenye kioo cha ndani ili amwone dada yake, na akamwona, amemkumbatia Kizee, amefumba macho, anamwomba Mungu. Na pembeni yake, kwenye kiti ambacho hakikuwa na mtu, alikaa mwanamke mwingine aliyempakata mtoto vilevile, kwa mkao uleule, kichwa cha mtoto kwenye kiwiko cha kushoto, isipokuwa mwanamke huyu alikuwa ameloa weusi kutoka nywele hadi mapajani, weusi unaotiririka na kung'aa na kudondoka kwenye kiti bila sauti, na kile alichokipakata kilikuwa kidogo mno na kimekauka mno na hakikuwa na miguu, na huyo mwanamke hakumtazama dada wala hakumtazama Kizee, alikuwa anamtazama yeye, Halirudi, ndani ya kioo, machoni, bila hasira hata kidogo, kama mtu aliyefika dirisha la ofisi na anangoja kuhudumiwa.

Aligonga ukingo wa barabara. Alipotazama tena kiti kilikuwa kitupu. Waliifikia nyumba ya Bi Cherehani gari likiwa linakwenda upande.

Bi Cherehani alikuwa anamalizia kola, sindano mdomoni. Chumba chake kilikuwa kimejaa sare zilizotundikwa kwenye kamba, mashati yasiyo na mikono, sketi zisizo na pindo. Hakuuliza jambo. Alimtazama Kizee miguu, akanusa nywele zake, akamlaza kwenye rundo la vitambaa. Kisha akamkalisha dada kwenye mkeka, akamfunika kitambaa cheupe kichwani, akachoma ubani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

Haikuchukua muda. Kichwa cha dada kikaanguka mbele, kikapanda, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake.

"Nimekuja," ilisema.

"Karibu," Bi Cherehani akajibu, na sindano bado iko mdomoni. "Unataka nini kwa mtoto wa watu? Ubani? Marashi? Damu?"

"Sikuja kuomba. Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

Kichwa kikageuka chini ya kitambaa, kikamwelekea Halirudi.

"Kwa nini siku ile hakusema tupishe? Wenzake wote husema. Yeye mwenyewe husema. Nilimlaza mwanangu pale mdomoni mwa shimo, penye joto, kwa sababu najua watu wa pale wana adabu."

Halirudi akatazama mikono yake. Ilikuwa na oili kwenye kucha, oili isiyotoka hata kwa sabuni.

"Mwanao yuko wapi sasa?" Bi Cherehani akauliza, na safari hii alikuwa ametoa sindano mdomoni.

"Amekufa. Bado nambeba."

Halirudi akapiga magoti. Maneno yakamtoka mfululizo: atalifukia shimo, hapana, hatalifukia, atalijengea, atachinja, ataleta chochote, kitambaa chekundu, ng'ombe, chochote kile. Sauti ikamwacha mpaka akaishiwa.

"Nikuambie ninachotaka," ikasema. "Mimi nilijua nani kaniunguzia mwanangu. Huyu niliyempanda hajui nani anamuunguzia wake. Anajidhania yeye. Mwambie. Kwa mdomo wako, yote. Akishajua natoka. Asipojua, mtoto wake atafuata njia ya wangu."

Dada akaanguka ubavu. Bi Cherehani akamnyunyizia maji, akafumbua macho, jasho linamtiririka, hajui hata amelala upande gani.

"Kasema nini?" akauliza. "Anataka nini? Nitampa."

"Muulize ndugu yako," Bi Cherehani alisema. Akarudi kwenye cherehani yake, akawapa mgongo, akaanza kukanyaga. Alikuwa na adabu, mama yule. Alijua kuna maneno ambayo hayasemeki ukitazamwa.

Halirudi akautazama mgongo wa Bi Cherehani.

"Anasema ni lile shimo la nyuma ya gereji. Eti watu wamemwaga oili ya moto."

"Watu gani?"

"Mafundi."

Kizee akapiga kelele. Wote wawili wakamtazama. Wekundu uliokuwa kwenye vifundo ulikuwa unapanda, wanauona kwa macho, unapanda kwenye ngozi kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, ukafika nusu ya muundi, ukatulia.

"Mimi," Halirudi akasema upesi. "Nilimwaga mimi, dada. Siku nilipokutengenezea gari."

Dada akashusha pumzi. Unajua alifanya nini? Alimshika mkono. Mtoto wake anaungua mbele yake, na bado alimwonea huruma mdogo wake.

"Lakini hukujua," alisema. "Ulimwaga bila kujua. Si ndiyo?"

Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Mlango alifunguliwa na dada yake mwenyewe, akaupita.

"Sikujua, dada."

Kizee hakulia tena. Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Wekundu ukapita magoti, ngozi ikaanza kuinuka, na harufu ya nywele ikajaa chumbani, na cherehani ikasimama.

"Nilijua," Halirudi akasema. Kisha akasema yote, uso umeinama karibu kugusa mkeka, na yalipoanza kutoka hayakusimama: kwamba aliyajua maneno na aliyafungulia mdomo akayameza, kwa sababu kulikuwa na mtu amekaa kwenye tairi na alikuwa karibu kucheka, kwamba alisikia mtoto akilia shimoni, na kabla ya kitu kingine chochote aligeuka kuhakikisha si Kizee, na alipoona si Kizee moyo wake ulifurahi, kwamba alimsikia na mama, kwamba mashine ilisema gari zima na yeye akasingizia mafuta, na alipoombwa msamaha aliupokea, kwamba hospitali alikuwa na la kusema tangu muuguzi alipoinua mguu, na akasoma tangazo, kwamba aliposikia mama mkwe anakuja kumchukua mtoto, aliwaza, Mungu amsamehe, aliwaza heri aende naye mbali, pengine huko taa haitawaka na hakuna atakayejua, kwamba alikuwa anaogopa jini, ndiyo, lakini kuliko jini alikuwa anaogopa uso wake yeye, dada, siku atakapojua.

Aliponyamaza, sare moja kwenye kamba ikatikisika. Kisha ya pili yake, kisha ya pili yake, moja baada ya nyingine, kama mtu anapita katikati yao polepole amebeba kitu asichotaka kigongwe, mpaka ile ya mwisho karibu na mlango. Mlango ukafunguka kidogo. Harufu ikatoka nao.

"Ametoka," Bi Cherehani akasema.

Miguu ya Kizee ilikuwa ya baridi. Wekundu ulikuwa unarudi chini, unafifia, na mtoto akajikunja, akapitiwa na usingizi. Dada alimfunika, akamfunga vizuri, akasimama. Hakulia. Alinyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

Aliendesha yeye. Taa haikuwaka, wala Halirudi hakuthubutu kuitazama. Nyumbani mama mkwe alikuwa sebuleni, begi liko miguuni pake, nguo za Kizee zimeshakunjwa juu yake.

"Mwambie," dada alisema. "Kama ulivyosema kule. Usipunguze."

Alidhani ameshamaliza. Jini alitaka aseme mara moja tu. Akasimama mlangoni, viatu mkononi, akasema tena yote mbele ya mkwe wa dada yake, na mara ya pili maneno yalikuwa mazito kuliko ya kwanza. Mama mkwe alimsikiliza bila kupepesa.

"Na hospitali ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

Yule mama akainuka, akazichukua zile nguo, akazirudisha chumbani. Alipotoka akamshika dada mikono yote miwili, akamwambia, "Mwanangu, nimekukosea, nimekukosea sana," na hapo ndipo dada alipolia, na wakalia pamoja, wakaingia ndani pamoja. Hakuna aliyemwambia Halirudi karibu. Hakuna aliyemwambia kaa. Alisikia maji yanawekwa jikoni, vikombe, kiti kinavutwa. Alisimama palepale mlangoni, hajui kama ameshasamehewa, hajui kama inafaa kuuliza.

Baadaye dada akapita na Kizee begani. Mtoto alikuwa ameamka. Akamwona mjomba wake, uso ukakunjuka, akanyoosha mikono kumtaka, kama siku zote. Halirudi akaweka viatu chini, akanyoosha yake.

Dada akamhamishia mtoto bega la pili. Akamtazama mdogo wake bila hasira, kama mtu aliyekuwa amesahau.

"Bado upo?" akamuuliza.

"Naondoka, dada."

Akatoka. Mlango ukafungwa kwa ndani, na akasikia komeo likisukumwa.